Kompyuta Yenye Kibandiko

Mzee Geti aliingia kwenye jengo la maduka mkono wa kushoto ameubana kifuani kama mtu mwenye kichomi. Kichomi hakuwa nacho. Ndani ya shati, ndani ya soksi, kulikuwa na akiba yote aliyoiacha marehemu mkewe kwenye kikundi cha kina mama. Binti yao alikuwa mbele, akitembea haraka, akigeuka kila baada ya maduka mawili matatu kuhakikisha baba hajabadili nia.

"Baba, usijishike hivyo. Unawaonyesha wezi pesa zilipo."

"Wezi hawapandi ngazi na sisi, mwanangu. Wezi wako ofisini wanakunywa chai."

Hayo ndiyo yalikuwa majibu yake tangu afiwe. Mvua ikijaa barabarani, wakubwa wameuza mitaro. Sabuni ikipanda bei, kuna mtu mahali fulani amekaa kwenye kiti cha kuzunguka anacheka. Majirani walimpenda, ila mwenye haraka zake alipitia njia ya nyuma. Na nani wa kumlaumu? Mkewe alikata roho wodini siku umeme ulipokatika na jenereta la hospitali likakutwa halina tone la mafuta. Mzee Geti alizunguka kuuliza. Daktari akamtuma kwa mkuu wa wodi. Mkuu wa wodi akasema mafuta ni ya bohari, bohari wakasema ni dereva, dereva akasema mhasibu hakutoa pesa, mhasibu akasema anasubiri sahihi ya daktari. Kila chumba alipewa kiti, akapewa pole, akaonyeshwa mlango mwingine. Alitoka pale bila shingo hata moja ya kukamata.

Jina la Geti alilipata kazini. Alikuwa mlinzi wa ghala, na kazi yake ilikuwa kukagua malori. Lori likifika anakwenda nyuma, anashika sili, yaani kile kipande cha chuma na waya kinachofunga milango, anaivuta, anasoma namba zake, akiridhika anafungua geti. Ikiwa imekatwa, lori haliingii hata dereva awe mjomba wake. Shule aliiachia njiani, lakini kwenye geti lile alijifunza sheria moja iliyomkaa mifupani: aliyekata sili ndiye anayejibu. Kilichopungua humo ndani ni chake, kilichooza ni chake.

Binti naye alikuwa na jina lake, Shoka, alilopewa na wenzake wa kwenye gemu. Tangu amalize shule alikuwa akicheza kwenye chumba kimoja cha kukodisha kompyuta, kwa saa, mpaka wakubwa kwa wadogo wakawa hawataki kupangwa dhidi yake. Sasa timu moja inayowalipa wachezaji wake mshahara, mshahara hasa, wa mwisho wa mwezi, ilikuwa imemwita kwenye majaribio. Mechi tatu, Jumamosi saa kumi jioni. Kila mtu anacheza akiwa kwao, kwa mashine yake, kamera ikimtazama usoni ili asije akachezewa na mwingine. Mashine ikizima katikati ya mechi, umetoka, na hakuna kurudia.

Mwanzoni baba alicheka. Mshahara wa kucheza! Halafu siku moja akauliza, "Na anayechagua ni nani?"

"Anayeshinda, baba."

"Hakuna mjomba wa mtu humo?"

"Mjomba hawezi kukulengea risasi."

Hilo likamlainisha. Kama duniani kuna mahali mtu anaingia bila mjomba, basi mtoto wake aende huko. Akaenda kwa kina mama, akachukua akiba. Ndiyo hiyo iliyokuwa kwenye soksi, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Ghorofa ya pili, maduka mawili yalitazamana. Kushoto duka la vioo vitupu, kompyuta zilizokamilika zimepangwa kama majeneza yaliyosimamishwa, kila moja inawaka nyekundu, kijani, zambarau. Muuzaji wake alikuwa kijana aliyefunga tai, na jengo zima walimwita hivyo hivyo, Bwana Tai. Kulia kibanda cha mama mmoja mnene aliyekaa katikati ya visanduku na kebo, Mama Nyaya.

"Shoka!" Mama Nyaya alimwita. "Leo umekuja na mwenye mfuko? Karibu kaka, kaa hapo, hiyo ndoo ni nzima."

Mzee Geti hakukaa. Binti alikuwa ameshaanza kupanga vitu mezani: ubao wa ndani, prosesa, yaani ubongo wa mashine, ndogo kama biskuti, kadi ya picha nzito kama tofali.

"Baba, ona. Kwa pesa ile ile, hapa napata kadi kubwa kuliko zile za kule kwenye taa. Naunga mwenyewe leo jioni. Nimeshaziunga mbili za wenzangu na mpaka leo zinafanya kazi."

"Ikigoma?"

"Natafuta kipande kibovu, namrudishia mama."

"Kila kimoja kina waranti yake," alisema Mama Nyaya. "Ubao una yake, kadi ina yake, pawa ya kugawa umeme ina yake."

"Waranti ya nani? Yako?"

"Ya wenye viwanda, kaka. Mimi naletewa tu."

Mzee Geti aliiona ile korido ya hospitali, na viti vyake, na pole zake.

"Kwa hiyo ikizima, ubao utasema ni kadi. Kadi itasema ni pawa. Pawa itasema ni huyu mtoto aliyeunga. Nami nizunguke na mabahasha kwapani."

"Hivyo vitu havisemi, baba," binti alisema.

"Wenyewe watasema. Nawajua."

Bwana Tai alikuwa ameegemea mlango wake wa kioo, anasikia kila neno. Hakuvuka korido, alingoja mzee ageuke mwenyewe.

"Kwetu ni mlango mmoja, mzee wangu," alisema taratibu. "Chochote kikiharibika, iwe taa, iwe skrubu, unakuja kwangu. Mimi ndiye najibu."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Jina lako linakaa kwenye risiti?"

"Na mhuri juu yake."

Maneno hayo yalimwingia Mzee Geti kama maji ya moto kwenye miguu iliyochoka. Alivuka korido. Binti akamfuata mbio, vidole vyake bado vimeshika kisanduku cha prosesa.

"Baba, muulize pawa yake ni ya aina gani. Muulize tu."

"Ni pawa nzuri," alisema Bwana Tai.

"Nzuri jina lake nani?"

"Dada, hii ni mnyama. Ukiiwasha majirani watajua."

"Majirani hawachezi kesho. Nacheza mimi."

"Naomba uheshimu wakubwa," baba alimkemea, ingawa wakubwa wenyewe ndio aliokuwa hawaheshimu. Alikuwa ameshaizunguka mashine, yuko nyuma yake, ameinama kama anavyoinama nyuma ya lori. Pale ubavu wa kioo cheusi ulipokutana na bati la mgongo kulikuwa na kibandiko cha rangi ya fedha, kina jina la duka na maandishi mekundu: KIKICHANIKA, HAKUNA WARANTI. Akapitisha kidole gumba juu yake, kona moja hadi nyingine. Hakikuwa kimeinuka popote.

"Sili safi," akasema.

Soksi ikatoka. Binti alirudi kwa Mama Nyaya, akakiweka kisanduku cha prosesa mahali pake, na Mama Nyaya akamwambia, "Haya mwanangu. Ukihitaji hata skrubu, nipo."

Jioni ile mashine iliwaka vizuri, na kweli majirani walijua. Gemu lenyewe lilikuwa zito, likashuka kutoka intaneti usiku kucha, kwa hiyo ilikuwa Jumamosi asubuhi, chai bado mezani, binti alipoingia kwenye mechi ya kwanza ya mazoezi. Mzee Geti alisimama mlangoni na kikombe, akijisikia kama mtu aliyefanya jambo sahihi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mashine ikazima.

Haikuonya. Taa, picha, sauti, vyote kwa pamoja, pu.

"Umeme?" baba aliuliza, akiweka kikombe chini.

"Feni ya ukutani inazunguka, baba. Umeme upo."

Akaiwasha. Ikawaka bila kinyongo. Akaingia mechi nyingine, na kabla hata hajafika katikati, pu. Mara ya tatu haikufika robo. Binti aliweka kiganja juu ya sanduku akakiondoa upesi. Kulikuwa na harufu kama ya kandambili iliyoachwa karibu na jiko.

"Ni joto. Kuna kitu humo ndani hakipumui. Nifungue nione."

"Usiguse kibandiko!"

"Baba, mechi ni saa kumi."

"Ndiyo maana tuna waranti! Tunakwenda kwa anayejibu. Chukua risiti."

Wakakodi teksi, sanduku limekaa kiti cha nyuma katikati kama mgonjwa, binti amelikumbatia. Foleni ilikula adhuhuri yote, na njia nzima hakumtazama baba yake. Alitazama saa ya kwenye simu, akaizima, akaiwasha tena.

Bwana Tai aliwapokea kwa tabasamu la jana, lakini lilipofika neno "inazima" tabasamu likakaa upande.

"Poleni sana. Iacheni hapa. Fundi anakuja Jumanne."

"Jumanne!" Binti alicheka kicheko kibaya. "Kaka, nina majaribio leo saa kumi."

"Fundi ni mmoja, dada, na anatoka makao makuu."

"Basi fungua wewe."

"Mimi siruhusiwi kufungua."

"Basi nifungue mimi hapa hapa mbele yako."

"Ukifungua wewe, waranti hakuna."

Binti alipiga magoti sakafuni, akawasha tochi ya simu, akaisogeza kwenye vitundu vya mgongo wa mashine. Alitazama muda mrefu, shavu limegusa bati. Mzee Geti alimwona akifumba jicho moja.

"Baba, njoo. Chungulia hapa. Unaona kitu cha kijivu?"

Aliinama. Magoti yakalia. Kweli, ndani, baina ya vyuma, kulikuwa na kitu cha kijivu kimejaa na kuvimba, kama mto uliosukumwa kwenye droo.

"Ni mfuko wa sponji," binti alisema. "Wanauweka kiwandani ili kadi isicheze njiani. Unatakiwa utolewe kabla ya kuwasha! Umekaa juu ya feni ya prosesa. Feni haizunguki kabisa."

"Ah, huo," alisema Bwana Tai, kama mtu aliyekumbushwa jina la jirani. "Huo ni wa kulinda."

"Unatolewa na nani?" Mzee Geti aliuliza.

"Na fundi."

"Kwa nini hakuutoa?"

"Fundi hayupo, mzee. Si nimesema Jumanne?"

"Na kibandiko mmekibandika juu ya mfuko ambao haujatolewa, mkasema tusifungue."

"Kibandiko kinabandikwa ghalani."

"Ghalani wameambiwa na nani?"

"Makao makuu."

"Makao makuu ni nani? Ana jina? Anavaa viatu?"

"Mzee wangu, mimi ni muuzaji tu."

Kule ng'ambo Mama Nyaya alikuwa ameacha kusuka kebo zake. Mzee Geti alisikia damu masikioni. Jana huyu huyu alisema mimi mwenyewe. Leo ni muuzaji tu. Alimtazama shingoni, pale tai ilipofungwa, na mikono ikamwasha.

Labda kijana aliiona mikono ile, maana alishusha sauti. "Sikiliza. Tufanye hivi. Acha mashine. Nitakuandikia karatasi sasa hivi, nipige na mhuri. Nitaandika kwamba ni kosa letu."

"Utaandika hivyo? Kosa letu?"

"Kosa la duka. Kwa maandishi. Jumanne unakuja nayo, hakuna wa kukuzungusha."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mzee Geti maneno hayo. Alikuwa amegonga milango yote ile, na laiti mtu mmoja tu, hata mfagizi, angeandika maneno hayo mawili na kuyapigia mhuri, labda angelala usingizi. Na sasa kijana alikuwa ameshafungua kalamu. Mhuri ulikuwa pale, juu ya kidau cha wino wa buluu.

"Andika," akasema.

"Baba."

"Ngoja kwanza. Anaandika."

"Baba, nitazame mimi." Binti alikuwa bado sakafuni, mkono juu ya sanduku. Hakupaza sauti. "Mimi nataka mashine. Wewe unataka mshtakiwa."

"Chunga mdomo wako."

"Ukishaipata hiyo karatasi utaifanyia nini? Niambie. Utaipeleka kwa nani asome?"

Mzee Geti aliiona karatasi ile imetundikwa ukutani nyumbani, mhuri unang'aa, na chini yake binti amekaa mbele ya meza tupu. Kalamu ya Bwana Tai ilikuwa inakwaruza. Alikuwa ameandika "Sisi duka" na anatafuta neno la kufuata.

"Hizo ni pesa za mama," binti alisema. "Zikilala hapa mpaka Jumanne, zimelala moja kwa moja."

Mzee Geti aligeuka, akavuka korido.

"Shemeji," alimwambia Mama Nyaya, akimpa udugu wa palepale, "nipe kisu."

"Sikupi," alisema Mama Nyaya. "Huyo kesho ataniitia wenye jengo, aseme mimi ndiye niliyechochea. Lakini kipo hapo karibu na koleo, na mimi nageuka kutafuta miwani yangu." Miwani ilikuwa usoni mwake.

Alirudi na kisu. Bwana Tai alikuwa ametoka nyuma ya kaunta, ameweka mikono miwili juu ya sanduku.

"Mzee, ukikata, mimi sikujui. Jana hukuja. Risiti hiyo uwashie moto."

"Toa mikono."

"Nakuonya kwa wema."

"Na mimi pia. Toa mikono, maana kisu hiki sijui kimenolewa kiasi gani."

Mikono ikatoka. Binti aliinuka akanyoosha mkono kuchukua kisu. "Lete, nitakata mimi. Najua pa kupita."

"Hapana." Alimsogeza kwa kiwiko. "Sili hukatwa na mtu mmoja, na mtu huyo ajulikane. Ikiungua, ukikosa hiyo kazi, usiseme duka, usiseme kiwanda. Useme baba ndiye aliyekata. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe shahidi," akamwambia Bwana Tai.

Malori yote yale, na hakuwahi kukata sili hata moja. Ncha ya kisu iliingia kwenye ufa na mkono wake ukakataa. Alivuta pumzi, akakata. Kibandiko kilichanika kwa sauti ndogo, kama mtu anayetemea mate pembeni, na kilipojikunja wote watatu wakaona kilichokuwa chini yake: mchoro mdogo wa kiwandani, mkono wa mtu ukitoa mfuko ndani ya sanduku, na mshale mwekundu. Duka lilikuwa limebandika kibandiko chake juu ya maelekezo yenyewe.

Mzee Geti aliutazama mchoro. Kwa desturi yake angekuwa na hotuba ya kutosha mpaka jioni. "Fungua," alimwambia binti. "Muda unakwisha."

Ubavu ukatoka. Sponji ilikuwa imepasuka mfuko, imeungua upande mmoja, imeshikamana na feni kama chingamu kwenye nywele. Binti aliivuta kidogo kidogo. Kipande cha mwisho kiligoma, akavuta, na pamoja nacho likatoka panga moja la feni, limekatika kwenye shina.

Binti alikaa na lile panga la plastiki kiganjani.

"Imekufa?" baba aliuliza.

"Feni imekufa. Prosesa sijui."

"Feni ninayo," ilisema sauti kutoka ng'ambo. Mama Nyaya alikuwa ameipata miwani yake. "Siyo ya ukubwa huo, ni ndogo kidogo, lakini inazunguka. Ichukueni. Na msiunge hapa, huyu ataita mlinzi."

"Mlinzi ni mimi," alisema Mzee Geti, na kwa mara ya kwanza siku ile binti akacheka vizuri.

Walipofika nyumbani ilibaki chini ya saa moja. Binti alifanya kazi juu ya meza ya kulia, bisibisi mdomoni, baba amemshikia tochi. Feni ndogo haikukaa kwenye vishikizo vya ile kubwa. Akaifunga kwa vipande vya waya. "Usitetemeshe mwanga, baba." "Sitetemeshi, ni wewe unayetikisa meza." Alipoiwasha, feni ilisita, ikajifikiria, ikazunguka. Ubavu hawakuurudisha. Waliuacha wazi, matumbo yote nje.

"Sasa nisikilize," binti alisema akivaa hedifoni. "Unaona namba hii kwenye kona ya skrini? Ni joto. Nikiwa nacheza sitaweza kuitazama. Ikifika tisini na tano inajizima. Ikifika tisini niambie, nipunguze ubora wa picha. Utaweza?"

"Nimekaa getini maisha yangu yote."

"Usiguse kitu. Sema namba tu."

Saa kumi. Kamera ikawaka. Kwenye spika ndogo ilisikika sauti ya kocha wa timu, mtu mwenye mafua. "Shoka, tunakuona. Huyo nyuma ni nani?"

"Ni baba. Anasoma joto la mashine."

"Anasoma nini?"

"Joto. Hatagusa kitu."

Kicheko kikapita. "Haya, baba wa joto, karibu. Tunaanza."

Mechi ya kwanza namba ilipanda hadi themanini na mbili ikakaa. Mzee Geti hakuelewa kinachotokea kwenye picha, watu wanakimbia, kuta zinavunjika. Aliitazama kona ile tu, hakupepesa. Binti alishinda. Mechi ya pili themanini na nane, na akashindwa, lakini mashine haikuzima. Alifuta viganja kwenye sketi. Shati la baba lilikuwa limeshika mgongo.

Mechi ya tatu ilikuwa ndefu. Themanini na tisa. "Tisini," alisema. Vidole vya binti vikaruka mahali fulani, picha ikawa mbaya kidogo, mbaya zaidi, miti ikageuka mabonge ya kijani. Themanini na saba. Kisha ikaanza tena kupanda.

"Tisini."

"Sina cha kupunguza tena."

"Tisini na moja."

"Nimesikia, baba."

Feni ndogo ilikuwa inalia kama mbu. Kwenye skrini kulikuwa na watu wawili tu waliobaki, yeye na mwingine, wanatafutana kwenye jengo. Tisini na mbili. Hakuna wa kumpigia simu. Hakuna mlango mwingine wa kwenda kuuliza. Mzee Geti aliona kipande cha boksi sakafuni, akakiokota, akapiga goti mbele ya matumbo yale yaliyo wazi, akaanza kuyapepea kwa mikono miwili, taratibu asitikise meza, macho hayajatoka kwenye kona.

"Tisini na tatu," alinong'ona.

Binti alikuwa amesimama nyuma ya ukuta kwenye picha, hasogei, anamsubiri mwenzake achoke. Mzee Geti alipepea. Jasho lilimwingia jichoni akaliacha liwake. Tisini na tatu. Tisini na tatu. Tisini na nne, na safari hii hakuisema, maana aliona kidole cha binti kimeanza kushuka.

Mlio mmoja. Skrini yote ikageuka rangi ya dhahabu.

"Aisee," ilisema ile sauti yenye mafua. "Huyo alikuwa nahodha wetu." Kukawa na mashauriano, watu wanaongea kwa pamoja, kisha, "Shoka, umeingia. Jumatatu tunakutumia mkataba. Na tafadhali nunua feni."

Binti alivua hedifoni akaziweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kupasuka. Halafu akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kutikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

Mzee Geti alikuwa bado amepiga goti, anapepea.

"Tisini," akasema. "Themanini na sita. Themanini na moja. Inashuka, mwanangu. Inashuka."